Swali la Tisa

Kila Julai naagiza fremu kutoka duka la Lindqvist,
nane mwaka wa neema, mwaka huu tano,
maana kila daktari anayekuja kusomea tiba ya familia
sharti atundikwe ukutani, kati ya saa na kizima-moto,
wagonjwa wauzoee uso wake kabla ya mikono.
Karani ni mimi. Miaka ishirini na tisa
napiga chapa walikotoka na wanachokipenda.

Fomu ina maswali tisa. Manane ni ya ofisi.
La tisa nililitunga mwenyewe, siku moja ya mvua:
Ukivua koti jeupe, unapenda nini?

Signe Aakre kazaliwa zizini, karibu tuseme.
Ana miaka kumi na mmoja alizamisha mkono hadi begani
akamgeuza ndama tumboni mwa mamaye.
Anapenda kuoka mkate, na kulala.
"Kulala" kakupigia mstari mara mbili.

Tou Ger Vang wa Saint Paul
alikuwa ulimi wa bibi yake hospitalini tangu darasa la pili.
Alitafsiri figo. Alitafsiri subiri.
Siku moja wakamkabidhi neno asiloweza kulifikisha,
akageuka, akasema: "Bibi, wanasema ule zaidi."
Anapenda kuotesha pilipili ndani ya ndoo,
hapa, ambako Mei bado ina theluji.

Delphine Arsenault alipuliza tarumbeta miaka sita
harusini, mazikoni, palipolipa.
Ana mapafu ya kumwonea wivu, na madeni ya kumwonea huruma.
Anirudh Kolhatkar, baba fundi saa,
hukusanya ramani za miji asiyokusudia kwenda;
aliuliza kama anaruhusiwa karatasi ya pili.
Nilimpa. Akaomba ya tatu.

Na Emmett Roubideaux, kutoka nyika za Dakota.
Maswali manane kayajibu kwa mwandiko unaosomeka,
jambo lililonitia shaka kwa daktari.
La tisa, tupu.
Nikamrudishia. Akanirudishia vilevile.
"Nilikuwa najua," akasema, "kabla ya mitihani."

Nikamtundika hivyo hivyo,
doa jeupe chini ya kidevu.

Bi Ardis Kettunen, mjane, mwenye sukari na mdomo,
alisimama mbele ya ukuta na fimbo yake
akawasoma wote watano kama anayechagua viazi.
"Huyu hana anachokipenda?"
"Hajaandika, Bi Ardis."
"Basi nipeni huyu. Hatakuwa na haraka ya kwenda popote."

Vuli ikapita. Mguu wa Bi Ardis ukakataa ngazi,
gari lake likakataa baridi,
Emmett akaanza kumfuata nyumbani kwake, kando ya ziwa,
mfuko wa dawa kiti cha mbele, umefungwa mkanda.
Mimi nilijaza mafuta katika vitabu vya hesabu
na sikuuliza kwa nini vipimo vya dakika ishirini
vinakula jioni nzima.

Januari, asubuhi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri,
alichelewa saa moja na nusu.
Nilikuwa nimeshauandaa ukali wangu, umekaa ulimini.
Akaingia, kope nyeupe, buti zikimwaga maji sakafuni,
akasema, "Ile fomu unayo bado?"

Niliitoa. Nisingekuwa nayo, ningekuwa karani gani?
Akaandika amesimama, wino umeganda,
akaupulizia pumzi, akaandika tena:

"Barafu ya ziwa ikipasuka usiku.
Huguna toka ng'ambo, hupita chini ya nyumba, huenda zake.
Bi Ardis alizima redio ili niisikie."

Kisha akanawa mikono, akamwita mgonjwa wa kwanza.

Maneno hayo hayaingii kwenye fremu ya Lindqvist.
Nimejaribu herufi ndogo, nimejaribu kupunguza,
sikuona pa kukata.
Nimeagiza fremu kubwa.
Sukari ya Bi Ardis, kwa taarifa, bado haijashuka.