Ufunguo wa Lori

Saa tisa usiku, Grimsby, nyumba ya wazee.
Harufu ya viwanda vya samaki imepenya hadi kwenye mashuka.
Mzee Zubarev amesimama tena koridoni,
kigari chake cha kutembelea amekikingamisha,
vifungo vya pajama vimefungwa hadi kooni.
Chumbani, blanketi lake limekunjwa mraba,
kona kali, ungedhani zimepigwa randa.

Divisheni yake huihesabu kama tasbihi:
ishirini na nne, kuundwa. Farasi, magari ya deraya,
walinzi wa ngome ya wakubwa.
Arubaini na moja, gwaride ndani ya theluji.
Arubaini na tano, ushindi.
Arubaini na nne huiruka,
kidole kikikwepa punje iliyovunjika.
Niliitafuta mwenyewe, wakati wa chai:
Februari, watu wa milimani,
vijiji vizima vikipakiwa mabehewani
na vijana waliofundishwa kukunja blanketi.

Hamsini na tatu hairuki. Hawezi.
Machi. Mkuu amekufa, mji mzima unakwenda kumtazama.
Yeye ana miaka kumi na tisa, na lori,
na amri ya kulipanga ubavu kwa ubavu na mengine, njia izibwe.
Umati ukaja na uzito wake wenyewe.
"Ufunguo nilikuwa nao,"
huniambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza,
akipapasa mfuko wa pajama.
"Hapa. Mfukoni."
Asubuhi, anasema, waliokota viatu,
viatu tu, vya mguu mmoja mmoja.

Sikumuuliza zaidi.
Kakangu Mbarouk yuko Nairobi, ana ngao na kofia ngumu.
Mwaka jana alinipigia akiwa kazini,
nikasikia mayowe nyuma yake.
Akasema ni redio.
Nikaitikia: redio.

Sasa Bibi Ollerenshaw anataka kupita,
na haja haingoji historia.
Namwomba mzee kwa upole. Anatikisa kichwa:
hana amri.

Basi navuta pumzi, natoa sauti
ambayo sijaitumia tangu nihame kwetu,
kwa lugha asiyoijua hata neno:
"Zubarev! Ondoa lori!"

Ananitazama. Muda mrefu.
Kisha mkono unaingia mfukoni,
unatoka mtupu, umefumbwa,
unazungusha kitu hewani,
na yale magurudumu madogo yanalia,
yanarudi nyuma hatua moja.

Bibi Ollerenshaw anapita na kandambili zake,
zote mbili.