Mfuniko

Juu ya paa, Ruwi, saa tatu asubuhi,
chuma cha ngazi tayari kinaunguza viganja.
Nyumba ya Bi Thuwaiba, ghorofa nne,
matangi sita meupe yamejipanga kama meno.
La tano, mfuniko umeinama kidogo tu,
upana wa vidole vitatu.
Sikuwaza lolote. Nikamulika tochi.

Njiwa.
Au kilichokuwa njiwa. Mabawa yamefunguka
kama ya aliyetaka kuogelea,
manyoya yameshafika mdomo wa bomba.

Nilipomwonyesha, Bi Thuwaiba alishika kiuno,
akasema kwa Kiswahili chake cha Ng'ambo
ambacho miaka hamsini ya Maskati haijakigusa:
"Mbona maji yatoka meupe?
Jana tu nimechemshia chai."
Sikuwa na jibu. Kweli yalikuwa meupe.
Nikajaza glasi, nikaiinua juani.
Hata mimi ningeyanywa.

Miezi ya joto kali tunakatazwa kazi za juani
toka saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu.
Tunajilaza kwenye ngazi, simenti baridi mgongoni,
mimi, Nyamweya, na yule Mnepali asiyecheka.
Huko ndiko ilikoanzia. Kichekesho kimoja.
Nyamweya alinitumia, nikacheka; kilichekesha kweli.
Kesho yake kingine, kisichochekesha sana.
Baada ya Pasaka hakunitumia tena,
njia nilikuwa naijua mwenyewe.
Nikajifunza kulaza simu ikitazama ukuta.
Nikajifunza kufuta.

Na Ijumaa nilikuwa kanisani, mstari wa tatu,
shati limepigwa pasi,
naishika sauti ya nne bila kukosea.
Mzee Mwachofi akanipa mkono: "Unang'aa, ndugu."
Naam. Maji meupe.

Lakini Wakesho alionja.
Yuko Wundanyi, ng'ambo ya bahari nzima,
akasema usiku mmoja, sauti ikikatikakatika:
"Siku hizi unanitazama
kama unayemtafuta mtu mwingine nyuma yangu."
Nikasema ni mtandao.

Niliingia tangi la tano miguu mitupu.
Humo ndani mtu huisikia pumzi yake
ikimrudia kubwa, kama ya mgeni.
Nikasugua. Utelezi wa kijani uling'ang'ania kucha.
Klorini ikanitoa machozi.
Tuseme ilikuwa klorini.
"Ee Bwana," nikaanza, na tangi likadakia: Bwana, Bwana.
Sikuongeza neno.
Sijui kama hiyo nayo huitwa sala.

Njiwa sikumchukia. Alikuwa na kiu,
na juu ya paa hakuna dimbwi.
Upepo nao sikuulaumu, hiyo ndiyo kazi yake.
Ubavuni mwa tangi kuna kadi ya usafi:
tarehe, saa, sahihi.
Aliyepita mara ya mwisho na ndoo na brashi,
akauona mfuniko umeinama, akasema "nitarudi,"
sahihi yake naijua.
Ina mkia ule ule ninaouweka kwenye sadaka.

Ghorofa ya tatu kuna mtoto mchanga,
nimeziona nepi zake zikianikwa dirishani.
Yeye hajui habari za mifuniko.
Yeye hufungua kinywa tu.

Jioni kambini nilimpa Nyamweya simu yangu.
"Kaa nayo hadi asubuhi."
Akanigusa paji la uso, akidhani naumwa.
"Na Wakesho akipiga?"
"Niamshe."
"Na nikichungulia?"
"Chungulia. Ndiyo maana nimekupa."
Hakucheka. Aliiweka ndani ya kiatu chake,
akageukia ukuta.
Usiku ule mkono wangu ulipapasa chini ya mto
mara kumi, kama mtu aliyefiwa.

Nimenunua waya, baisa mia tatu,
nimeufunga mfuniko mizunguko minne, nikakaza kwa koleo.
Jumanne nitapanda tena kuukagua.
Bi Thuwaiba anashangaa: "Huuamini waya wako?"
Waya nauamini, Bibi.
Simwamini aliyeufunga.