Kopo la Bluu la Leida

Mashine ya chupa mlangoni mwa duka
imemeza nane za bia na tatu za maji,
imehesabu senti, imetema risiti,
ila chupa ya shampuu imeigomea.
Urve anaiingiza tena, kitako kwanza.
Inarudi.
Shingo kwanza.
Inarudi, kama posa ya mtu asiyejulikana ukoo.
Nyuma yake kijana mwenye gunia anakohoa kwa adabu.

Februari, Tartu. Mto umeganda,
bata wamebanana kwenye kidimbwi chini ya daraja,
naye anaitia chupa mkobani
kama mtoto aliyerudishwa shule kwa kukosa ada.

Saluni yake ina viti viwili.
Vichwa sita kwa siku, Ijumaa saba.
Mwaka jana alianza kuhesabu chupa tupu,
akaacha mwezi Machi
kwa kuwa hesabu ilimfuata hadi kitandani.

Mama yake, Leida, alikuwa na kopo moja.
Kioo kizito, bluu ya wino, kifuniko cha bati.
Krimu ilikwisha Urve hajaota meno.
Kopo likashika vifungo,
halafu misumari, halafu mbegu za bizari,
halafu, mwaka wa msiba, pete ya baba.
Leida hakuwahi kutamka neno mazingira.
Alisema, "Kitu kizima hakitupwi,"
akaendelea kumenya viazi.
Na tusimtie utakatifu: alisema pia
krimu ile ilinuka kondoo aliyenyeshewa,
na kwamba angeuza kopo, krimu na jirani
apate chupa moja ya manukato ya Riga.

Sasa rafu ya vipodozi, chini ya taa nyeupe.
Kila kitu kijani: jani hapa, tone pale,
kidunia kidogo kimelazwa kiganjani.
Urve anachukua krimu yenye kifuniko cha mianzi,
anakigonga kwa ukucha, ukucha mfupi wa msusi,
anafungua, anachungulia.
Ndani ya mti kuna koti la plastiki,
limegandishwa kwa gundi, halibanduki.

Enyi wahenga, mlituonya juu ya mkakasi:
uzuri wote nje, ndani kipande cha mti.
Njooni muuone wa leo, umevaliwa kinyume,
mti umekuwa ndio pambo,
na ndani hata mti hamna.

Alijaribu mche wa shampuu, uliofungwa kwa karatasi.
Yuro tisa. Wiki ya kwanza
nywele za Bi Maimu zililia chini ya kitana
kama sahani iliyosuguliwa kwa limau.
"Mwanangu," alisema Bi Maimu kiooni,
"niokoe mimi kwanza, bahari baadaye."
Wakacheka. Lakini hakurudi hadi Pasaka.

Jumamosi, sokoni, kuna Kalju na madumu yake.
Hana bango. Ana mizani, faneli,
na glavu zilizotobolewa vidole.
Anapima chupa tupu kwanza, anaandika uzito kwenye kofi,
kisha anamimina taratibu, uzi mzito wa rangi ya asali.
Chupa ileile iliyokataliwa na mashine
inakaa wima, inajaa, haina aibu.
"Na krimu?" anauliza Urve.
"Leta chombo chako. Chochote. Kiwe kikavu."

Usiku huo anashusha kopo la bluu toka juu ya kabati.
Analitikisa: sauti moja tu.
Kifuniko kimeshika kutu, kinagoma,
anakifunga kitambaa, anakaza meno, kinasalimu amri.
Anaosha kwa maji ya moto, mara mbili,
analipindua juu ya taulo.

Pete haina pa kwenda.
Kidole cha pete, inachezacheza.
Cha kati, inapwaya.
Gumbani, imetulia.
Kesho ataosha vichwa sita nayo,
na mmoja wao, lazima, atauliza.