Bahari Haina Kifumbu

Kandambili niliyoiokota juzi Gongoni,
kwenye mfereji wa bwawa la saba,
ilikuwa nyeupe kama mfupa wa ngisi.
Ila chini ya ukanda, jua lisipofika,
palibaki wekundu mwembamba, upana wa ukucha.

Kumbe ilikuwa nyekundu.

Wekundu wa Sabaki tunaujua:
hushuka na masika, huipaka bahari hadi Mambrui,
kisha hutulia, ukawa tope, ukalisha mikoko.
Huu mwingine haukuacha hata doa mchangani.
Umekwenda wapi?

Nyevu, mwenzangu wa koleo, akasema: imechuja tu,
kama leso ya bei ya chini
uliyoiloweka na kanzu ya bwana, ukajuta.
Nikamwambia leso huchujia karaini,
na maji ya karai unajua utayamwaga wapi.

Hata beseni la bluu la mama,
lililokuwa likibonyea ukilikalia,
sasa ukiligusa linavunjika kama kachiri.
Ulaini wake nao ulitoroka,
hodi haukupiga, kwaheri haukuaga.

Jana akaja Zawena, binti wa utafiti,
na chupa za kioo, vifuniko vya bati.
Plastiki, alisema, hutiwa dawa kiwandani:
ya rangi, ya kuilainisha, ya kuikinga na jua.
Dawa hizo hazikufungwa kwa fundo.
Ikisagika ikawa ndogo kuliko chembe ya chumvi,
zinatoka, zinakwenda na maji.

Nami nikaona nazi inakunwa:
tui lingepita, machicha yangebaki.
Lakini bahari haina kifumbu.

Nikamuuliza: na jua likikausha bwawa,
dawa hupaa na mvuke
au huketi na chumvi?
Kalamu ikasimama.
"Ndiyo tunatafuta," alisema. "Bado."

Akarudi kwenye fomu. Umri?
Nikamjibu tunavyojibu siku zote:
andika nimekula chumvi nyingi.

Nyevu alicheka mpaka akashika koleo.
Zawena hakucheka.
Aliandika vile vile, neno kwa neno.

Usiku nikasonga sima, nikabandika mchicha.
Mkono ukaenda koponi wenyewe, ulivyozoea,
ukarudi, ukasimama juu ya sufuria.
Mvuke unanichoma kifundo.
Watoto wameshanawa, wananitazama.
Nimefumba chumvi kiganjani
na sijaweza kufumbua.