Ubeti Uliopungua

Saa tisa usiku, Kurasini, nje ya geti la yadi,
nalizunguka gari kwa miguu kabla sijalipanda.
Anyosisye ananifuata na tochi, anapiga miayo.
"Mama Shani, si jana tulilikagua?"
Jana tulikagua gari la jana.

Gonga tairi kwa nyundo, usilitazame tu:
lililo zima hujibu kama ngoma,
lenye shida hujibu kama gunia.
Yako ishirini na mawili, nayasikiliza yote.
Fungua vali chini ya tangi la upepo, maji yatoke;
breki haipendi kunyweshwa.
Kaza kamba za turubai, kaza tena.
Mbolea ikinyeshewa huongezeka uzito,
na mizani haiulizi
kama ni mvua au ni tamaa.

Karatasi zikae kwenye bahasha moja ya kaki,
kwa mpangilio ule ule wanaouulizia:
leseni, kadi ya gari, bima, hati ya mzigo.
Zamani, katikati ya leseni yangu
palilala noti ya elfu tano,
imekunjwa mara nne, imelainika kwa jasho.
Niliiita mafuta ya bawaba.
Lakini bawaba uliyoizoesha mafuta
hukulilia kila ukigusa mlango,
na kutoka hapa hadi Tunduma
milango ni mingi kuliko mshahara.

Tukapita Buguruni, Tabata, Ubungo, mji umelala chali.
Pale Mbezi nikatupia jicho kioo cha pembeni:
nikikanyaga breki, wekundu wa kulia haupo.
Sikusema kitu. Nilikuwa natafuta pa kuegesha.
Kibamba, tochi ikachora duara hewani.

Nikawasha indiketa ya kushoto, nikatoka nje ya mstari mweupe,
nikazima injini, nikawasha taa ya ndani
anione vizuri kabla mimi sijamwona;
mtu aliyesimama peke yake gizani, kando ya malori,
naye ana woga wake.
"Za kazi, afande. Taa ya breki ya kulia imekufa Mbezi.
Balbu ninayo."

Alikuwa amefungua kinywa kuuliza jambo jingine.
Akakifunga.
Kibati cha jina kilisomeka V. Mkwizu.
Akaishika yeye tochi, Anyosisye akafungua skrubu nne,
ya tatu ikamponyoka ikaingia kokotoni,
tukainama watu watatu, sare nyeupe, ovaroli na kanga,
tunapapasa mawe kama wanaochambua mchele.
Aliiona yeye. Hakutabasamu.
Sikuhitaji tabasamu, nilihitaji mwanga.
Akasoma karatasi zote, hata nyuma ya bima.
"Kanyaga." Nikakanyaga.
"Haya, nendeni."

Juu ya kioo cha mbele, kwenye kile kibao cha kuzuia jua,
kuna ubeti wa penseli. Aliuandika Mwinjuma Kinyogoli,
aliyeendesha gari hili miaka kumi na mmoja
hadi magoti yake yalipogombana na klachi:

    Ukisimamishwa tua, zima moto shuka chini,
    Karatasi kuzijua, si kuzilaza kitini,
    Kosa ukilitambua, liseme hadharani,
    Safari ni kurejea, si kuwahi mizanini.

Nimeuhesabu kwa vidole juu ya usukani,
kwenye foleni, kwenye milima, nikingoja zamu ya dizeli.
Mshororo wa tatu una mizani kumi na tano.
Anyosisye anataka kuuongezea silabi, penseli anayo sikioni.
Nimemkatalia.
Vigwaza tutafika kumekucha,
na pale, ekseli kwa ekseli, miaka yote hii,
sijamwona mtu akitozwa kwa kupungua.