Ukurasa Mmoja

Ukurasa mmoja tu, wamesema ofisi ya ajira.
Miaka thelathini na minne, Baba, ukurasa mmoja.
Nimeweka kompyuta kwenye meza ya jikoni,
nimesogeza sahani ya samaki, nimeandika jina lako:
Ilpo Kettunen. Chini yake namba ya simu.
Chini yake weupe.

Nje, theluji ya Kuopio inaanguka bila haraka,
kama kibarua anayelipwa kwa saa.

"Andika nilikuwa kiwandani."
Ukifanya nini?
"Karatasi."
Ukifanya nini hasa?
Unanitazama kana kwamba nimekuuliza unapumuaje.

Basi nachokoa polepole, kama mtoa mwiba.
Mashine namba tatu, unasema, ilikuwa ndefu kama uwanja wa mpira,
ikikimbiza karatasi kuliko gari barabarani,
na kabla karatasi haijakatika, sauti ilibadilika.
Si kelele. Kelele zilikuwa zile zile.
Ila chini ya kelele, kitu kilikohoa.
Hapo unapunguza mkazo, kidogo, kwa kidole,
na karatasi haikatiki,
na hakuna atakayejua kwamba ingekatika.

Hilo naliandikaje?
*Mwenye uzoefu wa kusikiliza.* Nimefuta.
*Hodari wa kuzuia hasara.* Umekunja uso:
"Huyo nani? Wakala wa bima?"

Kizuri chajiuza, Baba, hiyo ilikuwa zamani.
Siku hizi kizuri nacho hujitembeza,
kimevaa tai, kimebanwa ndani ya faili,
kinabisha hodi kwa mtu asiyekijua
ambaye atakitazama sekunde saba, akinywa kahawa.

Anza na kitenzi, wanashauri. Kitenzi chenye nguvu.
Unakubali, unafumba macho, unanitajia:
Tulifunga mtambo mpya. Tulipunguza taka.
Tulifundisha vijana kumi na wawili.
Nami kila *tu* naigeuza *ni*.
Nilifunga. Nilipunguza. Nilifundisha.
Unasoma begani kwangu.
"Jouko alikuwepo," unasema. "Na Marjut wa maabara."
Najua, Baba, lakini anayeomba kazi ni wewe peke yako.

Kimya.
Nimesema neno ambalo lango la kiwanda lililisema mwezi Machi,
siku mlipotoka mia mbili na kumi
na kila mmoja akawasha gari lake.

Kuna mwaka hapa hauna kitu, nasema, ili kusema chochote.
Mwaka mzima, Baba. Wataliuliza pengo hili.
"Mama yako alikuwa mgonjwa."
Najua.
"Basi unauliza nini?"
Nimeandika: *likizo ya kifamilia*.
Maneno mawili na kiunganishi,
na ndani yake beseni, vidonge, nywele kwenye mto,
na wewe ukimsomea magazeti uliyoyatengeneza.

Kazi yenyewe ni ya kutunza barafu
kwenye uwanja wa magongo: mabomba, pampu, mashine ya kulainisha.
Wanataka mtu "mwenye ari na mtazamo wa kidijitali".
Unacheka mara ya kwanza leo.
Kisha unanyamaza, unageuza kichwa kuelekea friji.
"Feni inakufa."
Mimi sisikii kitu.
"Wiki mbili hivi. Labda tatu."

Basi nimeandika hivyo, juu kabisa, chini ya jina:
*Husikia mashine kabla haijaharibika.*
Wakicheka na wacheke.

Printa imekohoa, imetoa ukurasa.
Huusomi. Unaushika kati ya kidole gumba na cha shahada,
unausugua, unauinua kwenye taa.
"Gramu themanini," unasema. "Si yetu."

Kisha unavaa miwani, unauliza kalamu,
na kwenye mstari wa sita, kwa mwandiko wa shule,
unakata *ni*, unaandika *tu*.

Ningeweza kuchapa upya. Wino upo.
Nimetafuta bahasha.