Inayorudia

Miaka kumi na tisa natengeneza mizani
kwenye kibanda changu, soko la Kenya, Lubumbashi:
mizani ya unga, ya samaki wakavu wa Kasenga,
ya wanunuzi wa shaba wenye vidole vizito.
Kwa hiyo usinionyeshe kinachong'aa.
Nionyeshe kinachorudia.

Jumamosi, uwanja wa shabaha, ng'ambo ya reli.
Kapend ametandika blanketi la hospitali juu ya meza,
bastola tatu zimelala, midomo ukutani,
magazini nje, chemba wazi,
kama wagonjwa wanaosubiri kuchunguzwa koo.

"Hii ya Kiitaliano. Dola mia tisa."
Imepakwa mafuta kama bwana harusi.
"Hii kaliba kubwa. Mia sita. Inanguruma."
Sikuja kununua ngurumo,
na risasi yake moja ni kilo ya unga.
Mimi ninazo mia tatu na arobaini,
zimeshonwa kwenye pindo la kitenge, zina jasho langu.

Ya tatu hakuitaja.
Kaliba ndogo, ishirini na mbili, hujipakia yenyewe,
rangi imelika pale gumba la mtu lilipokaa miaka,
kishikio kimechongwa upya kwa mti wa mukula,
chekundu, na kovu la patasi ubavuni.
Nikaishika.
Mkono haukuuliza kitu.

Basi nikatoa vya kazini kwangu: uzi, chupa, kikombe cha kupimia.
Tulikagua chemba mara mbili, yeye na mimi.
Nikaning'iniza chupa kwenye kifyatuo,
nikamimina maji polepole, kama anayemnywesha mtoto dawa.
Bwana harusi akaachia kwa gramu elfu moja mia mbili,
mara ya pili elfu moja mia sita,
mara ya tatu mia tisa:
kuna mtu aliwahi kumchokonoa tumbo.
Yule mzee wa mukula:
elfu moja mia tatu.
Elfu moja mia tatu.
Elfu moja mia tatu na tone.

Kapend akacheka hadi akashika meza.
"Mama Nshimba, wewe unanunua bastola au sukari?"

Mita kumi na tano. Risasi tano.
Nilipumua, nikabakiza nusu ya pumzi,
nikabana bila haraka, kama ninavyokaza skrubu ya shaba laini.
Karatasi ilipoletwa, matundu yote
yalienea chini ya kizibo kimoja cha bia,
ila chini, kushoto, mbali na moyo wa duara.

"Unaona," akasema kwa aibu, "inakosa."
Haikosi, Kapend. Inasema uongo ule ule.
Mizani inayopunja gramu hamsini kila siku
naiponya kwa bisibisi kabla chai haijapoa.
Ile ya leo kuzidisha, kesho kupunguza,
hiyo ndiyo huvunja nyumba za watu.
Nikageuza jicho la nyuma, kidogo,
robo ya mzunguko, kisha nywele moja zaidi.

Mia tatu na kumi, baada ya kubishana.
Zilizobaki zikawa risasi na nauli.

Lakini haikulala kwangu.
Mama alishasema: chuma hicho hakivuki kizingiti.
Anaukumbuka usiku ambao milango ya mtaa wetu
haikubishwa kwa ngumi.
Sikubishana naye. Inalala kule kule uwanjani,
kabati la kufuli mbili,
ufunguo mmoja wangu, mwingine wa Kapend,
na jina langu kitabuni, lenye muhuri wa jimbo.

Nyumbani nilifika na karatasi tu,
imekunjwa kati ya lengalenga na nyanya.
Mama alikuwa anachambua maharage.
Akaikunjua, akavaa miwani,
akaweka gumba lake juu ya matundu.
Gumba likayafunika yote.

"Matano?"
"Matano."

Akarudi kwenye maharage, akatupa jiwe moja, la pili.
Halafu, bila kuinua uso:
"Na hii karatasi, mwanangu, ilikukosea nini?"